Mwaka Nilioitwa Dada Singa

Kitana cha Bi Zuwena kilikuwa pale pale juu ya meza ya kioo, na nywele zake bado zimo. Kijifundo cheupe, kama pamba iliyonaswa na mwiba. Ilikuwa siku ya pili ya msiba. Chini ukumbini walijaa wanawake wa mtaa wetu wa Hail na jamaa waliotoka mbali, wanasoma, wanakunywa kahawa, wanalia kidogo, wanaulizana habari za wajukuu, na mimi nimetumwa juu nikalete mito ya kukalia. Niliingia chumbani mwake, nikakiona kitana, mito nikaisahau. Mtu mwingine angezitoa zile nywele, akakipangusa, akakitia kwenye droo, basi. Mimi nilisimama mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu dukani. Na mama huyu nimemwogesha miaka yake yote ya mwisho, nimemlisha uji kwa kijiko, nimemshika mabega chooni, hakuwa na siri mwilini kwangu. Lakini kichwa chake sikuwahi kukichana. Kuchana kulikuwa kwa Nasra, binti yake. Kila alasiri alikuja na gari lake, akamkalisha mama dirishani, akamchana taratibu wakizungumza, kisha akazikusanya zilizotoka, akazikunja kwenye karatasi laini, akazitia mkobani na kuondoka nazo. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Siku mama alipokimbizwa hospitali ndiyo siku Nasra alisahau kitana.

Walipomwosha nilikuwa nje ya mlango. Mimi si wa dini yao, nilipewa ndoo nishike, nikashika. Nikasikia mmoja ndani akisema, "Zilotoka zikusanyeni, zinakwenda naye." Basi nywele zote za Bi Zuwena zimekwenda naye isipokuwa hizi, nazo zilikuwa zinanitazama. Sasa ngoja nieleze mwaka ule, maana bila hivyo utadhani mwanamke huyu ana wazimu, anaogopa kitana.

Nilikuja Maskati msichana, nimetoka Kongwa, darasa la tatu nimelikimbia mwenyewe. Hayo ya nyumbani kwetu niyaache, hayana msaada hapa, isipokuwa hili moja: kwetu ni watu wa mbuzi. Nimekua nikilala chumba kimoja na vitoto vya mbuzi. Sasa wiki yangu ya kwanza katika nyumba ya Hail, Bi Zuwena yuko jikoni anataka kupika mchuzi wa papa, akaniambia, "Damari, nipe mbuzi hapo." Nikatoka nje. Nikazunguka ua mzima, nikachungulia nyuma ya gari, nikaenda mpaka ukutani kwa jirani, nikarudi nikamwambia, "Bibi, mbuzi simwoni, labda ametoroka." Kumbe kwao Unguja mbuzi ni kile kibao cha kukunia nazi, na kilikuwa chini ya miguu yangu. Walicheka nyumba nzima. Khalfan, mtoto wake wa kiume, alikuwa anafanya kazi serikalini, mtu wa heshima, anavaa dishdasha nyeupe mpaka inaumiza macho, lakini akinikuta koridoni analia "mee!" Akaendelea hivyo mpaka mama yake akamkataza. Toka hapo nikajifunza kunyamaza. Neno nisilolijua naitikia kwa kichwa, halafu nalitafuta polepole kwa njia za nyuma. Ni kazi kubwa kuliko kuuliza, lakini aliyewahi kuchekwa ananielewa.

Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko kule, Bi Zuwena aliniachia kwenda kusali kanisani. Majirani walimwona mjinga. "Unamwachia msichana wa kazi Ijumaa? Atakuletea mambo." Naye anawajibu huku anapuliza kahawa: "Namwachia kwa Mola wake. Mnataka nimfungie na Mola pia?" Tulikuwa na chumba kule Ruwi, nyuma ya ua wa makanisa, sisi wa Kiswahili, Watanzania na Wakenya wachache, wengi wafanyakazi wa nyumbani. Viti vya plastiki, kiyoyozi kinachokohoa kama mzee, na tukimaliza ibada tunafungua sufuria: ugali, na dagaa waliosafiri kwenye sanduku katikati ya nguo. Harufu yake Wahindi wa ibada ya pili walikuwa wakipita dirishani mbio. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango, ili nikitakiwa kusoma kwa sauti niwe nimetoka kunawa mikono.

Mwaka ule mwalimu wetu, Mwalimu Eliya, mtu wa Mwanza, kazi yake mtunza stoo, alitufundisha Hema ya Kukutania, ile Mungu aliyomwagiza Musa aijenge jangwani. Jamani, nilipenda. Sijawahi kupenda somo kama lile. Alichora kwenye boksi la friji lililokunjuliwa, akasema hakuna kitu kilichowekwa pale bure, kila kitu kina kusema kwake. Dhahabu ni utukufu wa Mungu mwenyewe, ndiyo maana iko ndani kabisa, pasipoingia mtu. Fedha ni fidia, bei ya kukombolewa. Shaba ni hukumu, kwa hiyo iko uani, penye moto na damu, ndiyo unayokutana nayo kwanza. Mti wa mshita ni ubinadamu, mti wa jangwani, wenye miiba, hauna uzuri, lakini hauozi, nao wakaufunika dhahabu. Nyuzi za samawi ni mbingu, za zambarau ni ufalme, nyekundu ni damu, kitani nyeupe ni haki. Nikirudi Hail nyumba ya Bi Zuwena ilikuwa imeanza kunisemesha. Birika la shaba pale mlangoni pa majlisi, ukumbi wa wageni wanaume: hukumu, nikalisugua kwa adabu. Pazia la zambarau kati ya wanaume na wanawake. Chetezo cha ubani kila magharibi. Na mwisho wa koridoni chumba cha Nasra, kimefungwa daima, kitanda cha mapambo ya dhahabu, meza ya kioo, marashi kama duka. Sikuingia ila kufagia, tena baada ya kubisha hodi. Nikasema hapa ndipo Patakatifu pa Patakatifu. Nilikuwa mtoto bado, nisamehe.

Basi Mwalimu akasema tutajenga hema ndogo, ya kuweka mezani, tuitoe Pasaka mbele ya makanisa mengine, na kila dada alete kitu chake. Kila mtu akachangamka. Mmoja dhahabu, atakusanya karatasi za chokoleti za watoto anaowalea. Mmoja fedha, karatasi ya kuchomea nyama jikoni. Shaba ni waya. Ngozi ya kondoo iliyotiwa rangi nyekundu ikapatikana kwenye mkoba uliokatika mkanda. Akafika kwenye ngozi za pomboo, hizo za kufunika juu kabisa. Dada mmoja Mkenya, Kerubo, rafiki yangu, akauliza kwa moyo safi, "Mwalimu, pomboo ni nini?" Sauti ikatoka nyuma: "Ni kaka yake pombe!" Chumba kikalipuka. Watu walishika mbavu. Mwalimu akatuliza, akasema pomboo ni yule samaki mkubwa anayeruka, nendeni Sidab mkawaulize wavuvi, ngozi yake ya kijivu haina urembo wowote, ili mpita njia akiitazama hema asiitamani, asijue ndani kuna dhahabu. Kerubo akasema kaka yake yuko gereji Wadi Kabir, ataleta ngozi ya kiti cha gari, nayo ni ya kijivu. Wakacheka tena. Na mimi nilicheka, kwa nguvu, na pomboo nilikuwa simjui.

Hapo ndipo Mwalimu akaniona. "Na singa atatuletea Dada Damari." Yeye mpaka leo anaapa kwamba alisema singa za mbuzi. Labda alisema. Kiyoyozi kilikuwa kinakohoa na watu bado wanajifuta machozi ya pomboo. Mimi nilisikia singa tu, na sikujua singa ni nini, na kwa jinsi walivyomcheka Kerubo ningemeza ulimi kuliko kuuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Nikalipeleka neno kwa Bi Zuwena. Tulikuwa tumeketi chini jikoni tunachambua mchele, yeye anapenda kuchambua mwenyewe, hakuamini macho ya mtu. Nikauliza kama anayeuliza kitu cha njiani. "Bibi, singa ni nini?"

"Singa? Nywele hizo, mwanangu. Nywele zilolala, laini. Kama za Nasra, hujaziona? Hizo ndo singa." Akanitazama kitambaa changu kichwani, akacheka, si kwa ubaya. "Si hizo zako za pilipili. Zako ukipitisha kitana, meno yanabaki humo humo."

Nikacheka naye. Tuliendelea kuchambua mchele. Kwake yeye alikuwa amenijibu sawa, na kwa Kiswahili chao alikuwa amenijibu sawa kabisa. Na mimi kichwani mwangu likakaa vizuri mno. Tulikuwa tumekwisha kufundishwa kwamba nywele ni fahari ya mwanamke. Nikawaona wale wanawake wa jangwani, wenye mali wanavua vikuku vya dhahabu, wasio na mali wanafungua ushungi na kukata nywele zao, zinasokotwa, zinafumwa, Mungu anakaa chini yake. Niliona uzuri wa jambo hilo mpaka machozi yakanitoka. Usiku huo, kwenye kichumba changu nyuma ya mashine ya kufulia, nilivua kitambaa nikajitazama kwenye kioo cha kipodozi. Nywele fupi, zimejikunja, nyekundu nyekundu kwa maji ya chumvi. Nikasema moyoni: Mungu ametaka singa, na mimi sina. Nikafunga kitambaa haraka, kana kwamba nimeonwa.

Basi nikaanza kuzichukua za Nasra. Alikuwa na nywele zile, mpaka kiunoni, nyeusi zinazong'aa, mama yake anazitia mafuta ya nazi na karafuu. Akichana, zilizotoka anaziviringa na kuzitupa kwenye kapu la takataka. Nikifagia nazitoa. Sikuona kuwa naiba, zilikuwa takataka. Kichumbani nazinyoosha, nazisokota pajani kama kwetu tunavyosokota kamba, na kwa kuwa zinateleza hazishikani, nikazifunga kwenye nyuzi: uzi mwekundu, uzi wa samawi, uzi wa zambarau, kama Mwalimu alivyosema rangi. Kila pale zinapoachana napiga kifundo. Kifundo juu ya kifundo. Nilikuwa naimba huku nafanya. Ulikuwa mzuri, ule uzi. Naweza kusema hivyo sasa ambapo wote waliouona wamezeeka au wamekufa.

Sasa wewe mwenye akili unayesoma umekwisha kuona. Mimi sikuona. Mwaka ule ndio Nasra alikuwa mchumba wa mtu. Harusi ilikwisha kusogezwa mbele, upande wa mume wanatoa sababu hizi na zile, na Nasra kichwa kinamuuma kila leo. Nilisikia wanawake wakinong'ona sebuleni, "Mtizameni msichana, pana mkono wa mtu hapa." Nilidhani wanasema mkono wa kuomba posa.

Ilikuwa mchana, napiga pasi. Nasra akaja nyuma kutafuta shela yake, akaingia kichumbani kwangu kuangalia kama nimeiweka humo, na kwenye mto akauona mfuko wa nailoni. Nilisikia ukelele nikadhani ameumwa na nge. Nilipofika alikuwa ameushika ule uzi kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili wake, unaning'inia, mwekundu na mweusi, na vifundo vyake vyote. "Nywele zangu," akasema. "Mama! Nywele zangu! Kanifunga!"

Bi Zuwena alikuja bila viatu. Alipoona alianza kusoma, midomo inakwenda mbio, akauchukua uzi kwa ncha ya ushungi wake, akautia kwenye beseni la maji, akamimina chumvi yote ya mtungi. Khalfan akaitwa kutoka kazini. Nilikalishwa kwenye kibao cha nazi, kile kile cha mbuzi, katikati ya jikoni, nao wamesimama.

"Hizi n'ni?" Bi Zuwena akaniuliza.

"Singa, Bibi."

"Naona singa. Singa za nini?"

"Za kanisani."

Nikaona nimeharibu, nikazidisha. "Mwalimu ameniagiza. Tunajenga nyumba ya Mungu, kila mtu analeta kitu, mimi nimeambiwa singa."

"Kanisa linataka nywele za mwanangu?"

"Si zake hasa, Bibi. Singa tu. Za yeyote."

Khalfan akasema, "Mama, mambo yamekwisha. Sihiri hiyo, na mwenyewe kakiri. Naita ofisi iliyomleta, wakimkataa nampeleka polisi." Hakulia "mee" siku ile. Nasra alikuwa analia mlangoni kwa kwikwi, kichwa amekifunika, anakishika kwa mikono miwili kana kwamba nitazinyofoa zilizobaki. Mimi nilijua habari za polisi. Nilijua wasichana waliofungwa kwa mambo kama hayo, na nilijua kwetu wakisikia mtu karudishwa kwa uchawi hawaulizi kama kweli.

Bi Zuwena akampita mwanawe, akachuchumaa mbele yangu, macho yetu yakawa sawa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Damari. Kama ni singa za yeyote. Na zako? Kwa nini hukutoa zako?"

Hilo ndilo swali. Ningeweza kuokoka kwa kulijibu. Ningemwambia, kwa sababu wewe ulisema zangu si singa. Kwa sababu nilijitazama nikaona hazifai kwa Mungu. Lakini nilikuwa na haya kuliko nilivyokuwa na hofu. Polisi afadhali. Nilishika kitambaa changu nikakivuta chini mpaka kwenye nyusi, nikainama. Na yeye akaona. Sijui aliona nini, ila nilimwona anakumbuka: mchele, kicheko, meno ya kitana. Uso wake ukabadilika rangi. Akatazama sakafu na yeye, tukawa wawili tunatazama vigae. Halafu akainuka kwa kushika magoti, akamwambia Khalfan, "Hendi popote. Ijumaa utatupeleka kwa huyo mwalimu wao. N'nataka kusikia kwa masikio yangu."

Kwa hiyo Ijumaa tulikwenda Ruwi kwa gari la Khalfan, Bi Zuwena mbele na buibui lake, mimi nyuma. Lilisimama langoni. Bi Zuwena hakushuka, alishusha kioo. Mwalimu Eliya akaitwa, akaja anajipangusa jasho, nyuma yake Kerubo, nyuma ya Kerubo wote.

"Mwalimu, assalam… habari yako. N'nakuuliza kitu, unijibu kama unavyomwogopa Mungu. Hiyo hema ya Nabii Musa mnayoijenga. Mnataka nywele za nani?"

Mwalimu hakuelewa. "Nywele, mama?"

"Singa. Umemwagiza mtoto huyu singa. Za nani?"

"Aa, singa! Za mbuzi, mama. Singa za mbuzi. Ndiyo maandiko yanavyosema."

Kisha Khalfan, mtu wa serikali, akainamisha kichwa kwenye usukani. Mabega yanatikisika. Honi ikalia. "Mbuzi gani, Mwalimu," akasema akipata pumzi, "huyu wa kukunia nazi?" Bi Zuwena akajaribu kujizuia, akashindwa, akaziba mdomo kwa ushungi. Ikabidi Mwalimu aelezwe, na Kerubo akasikia, akawageukia wengine, ikawa kama moto kwenye nyasi. Ua mzima. Walicheka mpaka Wahindi wakatoka nje kuangalia. Nilikuwa nimeokoka, hakuna tena wa kuniita mchawi, na mimi mwenyewe nilikuwa natamani niitwe hivyo tena, maana mchawi angalau anaogopwa. Mtu wa mbuzi mimi. Katika ua ule wote hakuna aliyewahi kumshika mbuzi kama mimi, ningeleta gunia zima la singa hizo, na sikujua ndizo. Toka siku hiyo nikawa Dada Singa.

Wiki iliyofuata Mwalimu akafundisha maana yake, kwa nia njema tu. Singa za mbuzi ni dhambi na aibu ya watu, akasema, ndiyo maana mbuzi alitwikwa makosa ya wote akaachiwa jangwani. Na zilipofumwa zikawekwa juu ya kitani safi, zikafunikwa kwa ngozi, hazionekani ndani wala nje. "Au vipi, Dada Singa?" Wakacheka, nikacheka. Sikurudi tena mwaka ule. Hema ilitolewa Pasaka, Kerubo aliniambia ilipendeza, singa walitumia sufi nyeusi ya dukani.

Ijumaa zangu nikawa nakaa jikoni. Siku moja Bi Zuwena, anachambua mchele, akasema bila kunitazama, "Hebu nihadithie hiyo hema." Nikamhadithia yote, dhahabu, fedha, shaba, mshita. Mshita akaujua kwa miiba yake, akasema ndo msamuri huo, uko kila wadi, kila bonde la jangwani. Nilipofika kwenye singa za mbuzi nikasema ni aibu ya watu. Akasimamisha mikono. "Nani kasema? Mabedui wote hema zao ndo hizo. Mvua ikipiga, zinavimba, tone halipiti. Jua likiwaka, zinaachana, upepo unaingia. Aibu yepi? Hizo ndo zilokuwa zikiwalinda wao pamoja na hiyo dhahabu yao." Akarudi kwenye mchele. Mchele ulipokaribia kwisha akasema, "Na mimi siku ile nlisema neno baya." Nikasema, "Neno gani, Bibi?" Akasema, "Basi." Hatukulirudia mpaka amekufa. Nilijua ni lipi, na nilijifanya silijui, kwa sababu ningelitaja sote wawili tungeona haya upya. Sijui kama nilimtendea wema.

Nasra harusi yake ilifanyika, watoto wake nimewalea mimi, mmoja alinyonya kidole changu mpaka akaota meno. Aliniamini kwa watoto. Nywele, hapana. Katika miaka yote sikuwahi kukuta unywele kwenye kitana chochote cha nyumba ile. Vilikuwa safi kama vya dukani. Sikumlaumu. Nilichukia tu kwamba kila nilipofagia macho yangu yalikwenda kwenye meza kwanza, kuhakikisha.

Sasa rudi nami juu. Nimesimama, mikono nyuma, na Nasra akaingia. Ni mwanamke mzima sasa, ana wajukuu, macho yamevimba kwa kilio. "Mama Damari, hiyo mito unaishona?" Akafuata macho yangu mpaka mezani. Akakiona. Nikasikia anavuta pumzi. Nikarudi nyuma hatua, nimpishe achukue, mkoba wake ulikuwa begani kama siku zote. Hakuufungua.

"Zitoe," akasema.

"Nizitoe mimi?"

"Nani tena? Si wewe ndo fundi wa singa?" Akataka kucheka, kikatoka kilio, akajipangusa kwa mkono kama mtoto. "Zizike mahali pazuri. Mimi siwezi." Akaikumbatia mito yote mwenyewe, imempita kichwa, akashuka ngazi akizitafuta kwa miguu.

Nilizitoa. Hazikuwa laini tena. Uzee ulizikakamaza, zilikwaruza kama zile za shingoni mwa beberu. Niliteremka kwa ngazi za nyuma, nikazifukia kwa kidole kwenye chungu cha mrehani alichokuwa akikimwagilia Bi Zuwena mwenyewe. Nikarudi juu kuosha kitana. Nilipokikausha, sijui kilichonipata, mtu mzima mimi, nilivua kitambaa nikakipitisha kichwani. Kilikwama pale pale mbele. Nikavuta, kikanasuka, na kwenye meno yake zikabaki zangu kidogo, za pilipili, nyeupe nazo. Nikakirudisha mezani na nywele zangu humo.